Kiapo cha Kamanda Luhende

Anayekuambia hajawahi kumwogopa Luhende, huyo hajaishi Bujora. Kamanda wa sungusungu yule! Wezi wa kuku walibadili njia wakisikia kikohozi chake tu. Na mwano ukipigwa, lile yowe la hatari ambalo kila mtu mzima lazima atoke nyumbani kuliitikia, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika. Ole wake aliyechelewa. Alitozwa mbuzi, tena akasemwa mbele ya wake na wakwe mpaka akose pa kuweka uso.

Sasa mtazame kamanda huyohuyo leo. Anapanda ngazi za ofisi ya wakili mjini Mwanza kwa magongo mawili, mkewe Selina anamsukuma mgongoni kama anayesukuma gari bovu, na jasho linamtoka. Wala si jasho la ngazi.

Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Lori la mizigo lilikosa breki kwenye mteremko karibu na Kisesa, likalala ubavu kando ya barabara na shehena yake ya mafuta ya kula. Mwano ukapigwa, watu wakatoka mbio, Luhende mbele. Wakiwa wamelizunguka, lori likateleza tena kuelekea mtaroni na kumbana kamanda mguu. Kijiji kizima kikajua alikuwa akifanya nini pale: alikuwa akimwokoa dereva. Nani angewaza vingine? Kanisani alitajwa kwenye maombi. Sungusungu wenzake wakachangishana, wakasema haiwezekani tajiri wa lori alale usingizi mnono huku shujaa wetu anachechemea. Atafutiwe wakili!

Shujaa! Kumbe mwenyewe anajua alichokifanya.

Kwenye kichwa cha lori alifika wa kwanza, hilo ni kweli. Alimwona dereva amebanwa na usukani, uso wote damu. Akamwambia, "Subiri kidogo, nakuja." Halafu akawaona watu kule nyuma wanabeba madumu. Jamani, kamanda mzima, aliyewahi kuwacharaza vijana viboko kwa kuokota soda za gari lililoanguka! Akajisemea moyoni, ni moja tu, nachukua moja narudi. Akampita dereva. Mguu wake ulibanwa huko nyuma, kwenye madumu. Dereva alikuja kutolewa na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka majarubani, kwenye mpunga wao. Waliomwona Luhende nao walikuwa wamekumbatia ya kwao, sasa nani angefungua mdomo?

Tangu siku hiyo kila pongezi ilimchoma. Watoto walipomsalimia "shikamoo kamanda" alitazama pembeni. Habari ya wakili ilipoletwa, alijaribu kuikwepa.

"Mama Queen, haya mambo tumwachie Mungu."

"Mungu hajakataza mawakili," Selina akamjibu. "Vaa shati."

Basi akavaa.

Wakili Zahabia alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, lakini macho yake hayakuhama usoni pa mtu. Aliwakaribisha, akawapa pole, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Mzee wangu, mwenye lori anasema walioumia pale ni waporaji, na yeye mporaji hamlipi. Kwa hiyo kesi yetu yote inasimama kwenye jambo moja. Wewe uliitikia mwano, ukaenda kuokoa mtu. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo kabisa!" Selina alidakia. "Huyu ni kamanda, mama. Kijiji kizima kitakuja kusema."

"Nataka nimsikie mwenyewe. Utaapa hivyo, mzee?"

Luhende aliutazama mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini. Kuapa! Watu aliowaapisha yeye mwenyewe kule kijijini hawana idadi, na alikuwa anamtambua mwongo kwa jinsi anavyomeza mate. Akameza mate.

"Ee," alisema.

"Vizuri. Maana shahidi nimempata, tena mkubwa." Zahabia akafungua mlango wa chumba cha pili. "Mhoja, karibu ndani."

Akaingia mwanaume mrefu, shingo imekakamaa, anageuka mwili mzima ili kutazama upande. Luhende alimtambua kabla hajatajwa kazi yake. Laiti angekuwa na miguu miwili, angeruka dirisha.

"Shikamoo, mzee," dereva alisema.

"Marahaba."

Mhoja alivuta kiti, akakaa karibu naye kabisa. "Mzee, siku ile sikukuona sura. Damu ilinijaa machoni. Ila sauti niliisikia. 'Subiri kidogo, nakuja.' Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Nilijua tu umekwenda kutafuta mtaimbo." "Sijui kama walikuambia. Utingo wangu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Ng'washi. Alikuwa chini yangu pale, mlango umemlalia. Akawa ananiita, kaka, nakufa. Nikamwambia, vumilia, Ng'washi, kuna mtu mzima amesema anakuja. Basi akatulia. Hakupiga kelele tena. Alikuwa ananiamini sana yule."

Msiba wa utingo Luhende aliusikia akiwa hospitali. Alijipoza kwamba kijana alikufa palepale lori lilipoanguka, akashikilia hivyo kila siku, hakuuliza mtu. Na siku ile hakuinama hata kuchungulia ndani.

"Wanaosema mlikuja kupora, mimi nitawapinga mahakamani," Mhoja aliendelea. "Wewe ulijaribu, ukapoteza mguu. Nimekuja nikushike mkono." Akanyoosha mikono yote miwili, kwa heshima.

Luhende aliitazama mikono ile. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, kutoka hata kwenye ule mguu usiokuwepo, mpaka masikio yakawaka moto.

"Usinishike," alisema. "Sikwenda kutafuta mtaimbo."

"Ulikwenda wapi?"

"Nyuma. Kuchukua dumu la mafuta."

Zahabia aliweka kalamu chini. Selina akacheka kicheko kifupi cha woga. "Baba Queen! Jamani, msimsikilize, hizi dawa zimemchanganya."

"Hazijanichanganya, mama."

Mhoja alikuwa bado amenyoosha mikono. "Dumu la lita ngapi?" aliuliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Tano."

"Tano," Mhoja alirudia. Akaikunja mikono yake, akaiweka mapajani.

Zahabia akasafisha koo. "Breki zilikuwa mbovu na zitabaki kuwa mbovu, mzee. Mhoja ana kesi yake. Lakini wewe ukisema hivi mbele ya watu, siwezi kukuahidi kitu. Na kijiji kitasikia."

"Kisikie," Luhende alisema. Sauti yake nzito ile ilikuwa imekwisha kabisa. "Uandike hivyohivyo. Mimi siapi yale mengine."

Hapo ndipo Selina alipogeuka. Alimkagua mumewe usoni kama anayetafuta mtu aliyemwacha nyumbani.

"Dumu lile la njano?" aliuliza. "Majirani walilolileta nyumbani siku uliyolazwa? Uliniambia umelinunua Kisesa asubuhi ile."

"Ndilo."

"Nikalifungua."

"Najua."

"Nimewakaangia sato wageni wote waliokuja kunipa pole na kukusifia," Selina alisema. "Katekista alikula. Sungusungu wako walikula." Akamwelekea Mhoja, lakini hakuweza kumtazama, akaongea na sakafu. "Mama yako alikuja pia, baba. Alitoka matangani kuja kumshukuru huyu kwa kujaribu kuwaokoa wanawe. Nikamkaangia samaki mkubwa kuliko wote. Wakati anaondoka nikaona mama wa watu amefiwa, nimpe nini? Nikamjazia chupa moja ya mafuta, akapikie nyumbani."