Milango Inayotazamana

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mvua imetoka tu kukatika hapa Karuba, nami nimesimama mlangoni mwa nyumba yetu ya mbao nikiwaza bei ya kuiuza. Mdogo wangu Furaha alikuwa ameolewa Rubaya, na mbele ya mlango wake palikuwa na kiwanja kitupu ambacho mwenyewe alikubali kutuwekea mpaka tuuze. Tukiuza yetu tujenge pale, milango itazamane, tuazimane chumvi bila kuvaa viatu. Ee Mungu, nilivyoitamani milango hiyo!

Akaja mfanyabiashara wa Butembo anayetafuta nyumba aifanye duka. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Lakini mimi nilikuwa nimesikia nyumba kama yetu, vyumba vitatu na mabati mapya, ilivyouzwa ghali kule Rubaya. Nikamwambia, "Papa, ongeza mara mbili ao uache."

Baba mkwe akaniita pembeni. "Mutoto wangu, kule Rubaya wanalipa sana sababu mulima wa madini ya koltani iko karibu. Huku kwetu iko ng'ombe na viazi. Uliza ile nyumba ya hapa chini, yenye iliuzwa juzi, ilienda kwa bei gani. Ile njo ndugu ya nyumba yako, ndiyo ya kupimia bei."

Nikacheka. Mzee wa watu, bei ataijulia wapi! Mfanyabiashara hakubishana. Aliaga vizuri, akashuka kilima, akanunua kwa jirani.

Nikangoja mnunuzi mwingine, hakuja. Mwenye kiwanja akachoka, akakiuza kwa wengine. Kisha mume wa Furaha akapata kazi Walikale, wakahama. Tangu hapo ni simu tu, nayo mpaka mtandao, hiyo rezo yetu, ukubali. Juzi aliniuliza, "Dada, mulango wako unaangalia wapi sasa?" Nikasingizia rezo, nikakata simu.

Basi wewe unayetaka kuuza nyumba aliyokuachia mama yako, sikia. Usiipime kwa tamaa wala kwa habari za mbali. Tafuta nyumba zinazofanana nayo, za kilima hiki hiki, zilizouzwa kweli karibuni. Bei ya kutajwa tu mdomoni si bei. Yako ikizidi chumba, ongeza. Ikiwa mbali na barabara, punguza, hata kama inakuuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu mimi halijapona. Halafu usisahau unauza ili uende kwa nani.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe mnunuzi mkweli. Na asubuhi ukifungua mlango, umuone umpendaye anafungua wake.