Siku Niliyomnyamazisha Agnes

Mwanangu, kuna Ijumaa Kuu moja ya kule Doha ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu, nainamisha uso.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mlinzi wa hoteli West Bay, na siku za mapumziko niliongoza kwaya yetu ya Wakenya na Waganda. Kanisani tulisifiwa kwa ngoma na vigelegele tu, jambo lililonikera. Wafilipino wakiimba Kilatini watu walitulia tuli, nami nikataka watulie kwa ajili yangu. Nasema kwa ajili yangu, si ya Mungu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nikachagua wimbo wa kale wa Ulaya, wa zaidi ya miaka mia nne, wa sauti nne bila ala yoyote. Nyimbo hizo hazina sauti moja inayoongoza nyingine. Ya kwanza inaanza, ya pili inaingia nyuma yake na maneno yaleyale, kisha ya tatu, hadi zote zinasukana kama nywele. Waimbaji wa sauti moja hupumua kwa zamu ili isikatike.

Sauti ya pili ilikuwa na wadada watatu. Mmoja, Agnes, Mganda aliyefanya kazi za nyumbani Al Wakrah, alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo. Ili aje mazoezini kanisani Abu Hamour ilimbidi ambembeleze madamu wake wiki nzima, na wimbo aliujua barabara. Mimi nilisikia mkwaruzo tu. Siku moja kabla ya ibada nikamvuta kando.

"Dada, kesho fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

"Sawa, mwalimu," akajibu, akaangalia viatu vyake.

Ijumaa Kuu ikafika. Tulianza vizuri, kichwa kikanivimba. Tukafika mahali ambapo sauti nyingine zinanyamaza na ya pili peke yake inashikilia noti ndefu. Wale wawili wakavuta pumzi pamoja, maana kwa mazoea Agnes ndiye aliyeishikilia hapo. Wimbo ukakatika, kanisa zima likawa kimya. Nikampungia mkono aimbe. Aliniangalia, mdomo wazi, asitoe sauti. Alikuwa ananitii.

Tulipotoka nje wenzake wakamgeukia. "Agnes, si pale ni pako? Umetuangusha bana."

"Mnisamehe. Ni makosa yangu," akasema.

Nilikuwa nimesimama papo hapo, mwanangu, nikipanga karatasi za nyimbo ambazo zilikuwa zimeshapangika. Mzee Barasa, dereva aliyeimba besi, akanisogelea. "Kijana, jana nilikusikia ukimwambia. Nangoja uwaambie hawa."

Sikuwaambia.

Kesho yake nilimpigia Agnes simu nikamwomba radhi, mahali ambapo hakuna aliyesikia. Alinisamehe, na nadhani alinisamehe kweli. Kwayani hakurudi tena, na wenzake waliendelea kuamini kwamba alisahau noti yake. Naona aibu hata kukusimulia.

Basi nisikilize. Ukipewa watu wa kuongoza, hata wawe watatu, usimnyamazishe mmoja ili wewe usifiwe. Na ukikosea, usiombe radhi chini kwa chini ilhali mwenzako amelaumiwa hadharani. Waendee walewale waliomlaumu, uwaambie ni wewe. Mungu akupe afya na kazi njema, mwanangu, na asikuache ukae kimya huku mwingine akibeba lawama yako.