Jina la Kunificha

Jalala la kwetu lilinuka majivu na mavi ya ng'ombe, na mvua za kwanza zikishalilowesha lilitoa harufu ya pumba za mtama zilizoanza kuchacha, harufu tamu yenye joto ambayo hadi leo nikiisikia popote nageuka kutazama nani ameniita. Lilikuwa nyuma ya zizi, na maboga yaliyojiotea yenyewe yalitambaa juu yake yakazaa kuliko yale tuliyoyapanda kwa jasho. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipopewa jina. Mimi naitwa Jalala. Kwa Kisukuma lina mlio wake mzuri zaidi, lakini maana ni hiyohiyo. Msomaji asianze kunihurumia mapema. Anisikilize kwanza, maana mimi mwenyewe nilijihurumia mapema na nikaja kuona kwamba nilipoteza machozi.

Mama alikuwa amezaa kabla yangu, na wote walionitangulia walikufa wakiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilipozaliwa mimi, shangazi yangu alifanya kama ilivyofanywa kwa wanawake wenye msiba wa namna hiyo kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kolandoto. Alinichukua mama akiwa hajaninyonyesha bado, akanilaza kwenye ungo uliotoboka, akaenda kunitupa jalalani juu ya majivu yaliyopoa. Jirani yetu, Mama Shija, akapita pale kama mtu aliyepotea njia, ingawa kila mtu alijua kwamba alikuwa amechuchumaa nyuma ya zizi akingoja zamu yake, akapaza sauti kuuliza ni nani anayekitaka kitu hiki kilichotupwa. Mama akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kuchoka, kwamba kitu chenyewe hakina faida, ila basi, kwa kuwa hana kazi ya kufanya, atakinunua. Akatoa kibuyu cha karanga, akapewa mimi. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa nyumba ile kingeambiwa kwamba mwanamke huyu hana mtoto, ana takataka aliyoiokota, na kifo hakijisumbui na takataka. Hivyo ndivyo nilivyoingia duniani, na tangu siku hiyo mama akaitwa Mama Jalala.

Jina peke yake halikutosha, lilitakiwa kulindwa. Sikusifiwa hata siku moja. Mgeni akithubutu kusema kwamba kabinti haka kana macho mazuri, mama alidakia palepale, "Macho gani hayo, kama ya bundi." Asubuhi aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Limeamka hilo? Lije lile." Kichwa changu alikinyoa vibaya makusudi, akiacha kishungi upande mmoja, nikawa kituko. Na huku akinisema hivyo alinisukumia kata ya maziwa mgando, yale mazito ya juu, yeye akabaki na majimaji ya chini. Lakini nilikuwa mtoto. Maziwa niliyanywa tu. Maneno ndiyo niliyoyaweka moyoni.

Msimu ninaotaka kuusimulia ulikuwa katika miaka ya hamsini, wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imeshauzwa. Baba alikuwa machimboni Geita, na tulimwona mara chache kama tunavyoona wageni. Banda la kuhifadhia pamba likawa tupu, na humo ndimo mwinjilisti mmoja kijana, Mwalimu Yohana, alipoanza kutufundisha sisi tuliotaka kubatizwa. Alikuwa na baiskeli na suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, na aliipenda ile suruali kiasi kwamba hakukaa chini saa zote za mafundisho. Sisi tulikaa sakafuni. Nyuzi za pamba zilizobaki zilielea hewani zikatushika kwenye nywele, tukawa tunatoka mle tumeota mvi. Mama aliniruhusu kwenda kwa sababu alimpenda Mungu kwa namna yake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado anapigana na moyo wake juu ya kubatizwa.

Siku moja mwalimu alitufundisha kwamba Mungu alipomaliza kumuumba mtu alimtazama, akaridhika, asione mahali pa kurekebisha. Halafu akatutaka tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na kusema kwamba yeye ni kazi ya mikono ya Mungu, haina kasoro. Wenzangu walisimama wakasema, Mabula ni kazi ya mikono ya Mungu, Kabula ni kazi ya mikono ya Mungu, na kila mmoja alikaa akiwa amerefuka kidogo. Ikafika zamu yangu. Nikasimama na kishungi changu nikasema, "Jalala ni kazi ya mikono ya Mungu, haina kasoro." Banda zima likaangua kicheko, na walioketi nyuma wakalaliana kwa kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Si kicheko kilichonichoma zaidi, maana kicheko nilikuwa nimekizoea. Ni kwamba mimi mwenyewe, nilipoyasikia yale maneno yakitoka kinywani mwangu, niliona kweli hayakai pamoja. Nikajiuliza kama Mungu aliponitazama mimi alisita.

Mwalimu aliwanyamazisha, akaniambia kwa upole, "Binti, huwezi kwenda mbele za Mungu na jina la namna hiyo. Tangu leo wewe ni Ester." Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikwenda lamboni kuchota maji huku nikilijaribu mdomoni, nikajiita na kujiitikia, na ng'ombe waliokuwa wakinywa upande wa pili waliinua vichwa kunitazama. Niliona kwamba sasa nimepata mlango wa kuingilia kwa Mungu kama watu wengine, na ubatizo uliokuwa unakaribia niliungoja kwa roho yangu yote.

Jioni ile mwalimu akaja nyumbani. Mama alikuwa anapepeta karanga. "Mwangaluka, Mama Ester," akasema, na hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini alikuwa amechangamka hata saa hakuijali. Mama akaendelea kupepeta. Akarudia. Mama akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, umekosea nyumba. Hapa hakuna Ester." Mwalimu akacheka akidhani ni utani, akaketi, safari hii akaisahau suruali, akaanza kunisifu. Alisema binti huyu ni mzuri, ana akili kuliko wenzake wote, atakuja kuwa mtu mkubwa. Alisema hayo uani, jua bado halijazama, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhubiri. Ungo ukamtoka mama mikononi. Alitema mate chini upesi, akanivuta nyuma yake kama mtu anayemkinga mtoto na mbwa, akamwambia mwalimu kwamba sitabatizwa, si kwa jina hilo, na kama hakuna jina jingine basi sitabatizwa kabisa. Mwalimu aliondoka amenuna. Mimi nililia mpaka nikaishiwa sauti, na mama hakunibembeleza. Alikuwa anaokota karanga mavumbini.

Haukupita muda nikashikwa na homa. Ilinipanda ghafla, nikawa natetemeka juani, na mama aliponigusa alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena. Hakusema lolote la kulaumu. Alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa binti mkubwa miguu inaburuza, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu kumwambia kwamba kile alichokiita kimekuja. Mwalimu akaniweka kwenye baiskeli, mama akanishikilia kutoka nyuma, wakanikimbiza hivyo hadi hospitali ya misheni pale Kolandoto. Muuguzi akauliza mgonjwa anaitwa nani. Mwalimu akasema Ester, mama akasema Jalala, kwa pamoja. Muuguzi akawatazama akauliza kama wagonjwa ni wawili.

Nilichomwa sindano, nikalala, na nilipozinduka ilikuwa alasiri. Sikufumbua macho kwa sababu nilisikia wanazungumza kando ya kitanda changu. Mwalimu alikuwa anasema kwamba homa hii ni ya mbu, haikuletwa na jina.

"Mbu walikuwepo siku zote," mama akajibu. "Ila hawakuwa wanamjua."

"Lakini mama, kila siku unamwambia mtoto kwamba ni takataka. Mungu hakuumba takataka."

Mama akauliza, "Una mtoto, mwalimu?"

"Bado, mama."

"Basi nisikilize. Wale wa kwanza niliwapa majina mazuri. Niliwapaka samli wakang'aa, nikawatembeza watu wawaone. Wote tumewafukia. Huyu alipotoka nilimtazama kuanzia utosi hadi kucha za miguu, nikaona hana kasoro hata moja, nikaogopa. Ndiyo maana nikakubali atupwe. Mtu anaficha takataka, mwalimu? Takataka naiacha wazi, kila apitaye anaiona. Mimi nilikuwa na kitu cha kuficha."

"Na Mungu je? Unamficha hata yeye?"

"Mungu sijamficha. Alikuwa pale jalalani ananiona ninavyodanganya. Yeye anajua nilinunua nini."

Nilihisi machozi yananitiririkia masikioni, nikajikaza nisijulikane kuwa niko macho. Halafu nikamsikia mwalimu akisema taratibu, "Nimekuelewa, Mama Jalala." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka.

Nimekaa na maneno hayo muda wote wa maisha yangu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kweli, lakini alidhani kweli hiyo inahitaji jina jipya ili inienee. Mama, ambaye hakujua kusoma wala hakuwa amebatizwa, alikuwa ameiona kabla sijapewa jina lolote. Mimi sikufanywa kamili na sifa za mtu, na kudharauliwa hakukunipunguza. Nilitoka nikiwa hivyo mikononi mwa aliyeniumba, na mama aliliona hilo waziwazi hata akaingiwa na hofu.

Nikapona. Siku ya ubatizo mchungaji alitoka mjini, mtu mrefu wa makabila ya mbali asiyejua Kisukuma, akasimama ndani ya lambo maji yakimfika kiunoni. Kila mtoto alitajiwa jina lake jipya. Nilipoingia mimi mwalimu akasema, "Huyu anabatizwa kwa jina alilo nalo." Akalitaja. Watu waliokuwa ukingoni wakaguna. Mchungaji akauliza maana yake ni nini, na mwalimu, ambaye suruali yake ya kaki ilikuwa imelowa tope hadi mapajani, akamjibu kwamba ni jina ambalo mama yake alimpa ili aishi. Mchungaji akanitazama. "Basi ameishi," akasema, akanizamisha. Nilipoibuka nilimwona mama amesimama mbele ya watu wote ameshika kanga ya kunifuta. "Lione lilivyo baya," akasema kwa sauti kubwa, "limelowa kama panya." Akanifunika kanga ile akanikumbatia, na mimi kwa mara ya kwanza nilisikia alichokuwa akiniambia.

Sasa naishi Ngokolo, mjini Shinyanga, na nina wajukuu walio Katoro wanaofanya biashara. Mtoto akizaliwa leo asubuhi, mchana picha yake imeshafika kwangu kwenye simu, na chini yake watu wengi wamemsifu hata kabla hajafumbua macho vizuri. Sisemi ni vibaya. Watoto wanaishi siku hizi, na hakuna anayelazimika kudanganya kifo kwa karanga. Kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapomwogesha kitukuu. Lakini naona wasichana hawa hawa waliosifiwa tangu utotoni wakijipaka dawa za kubadili rangi, na vijana wanaojiona si kitu mpaka wapate dhahabu, na nawaza kwamba sisi tuliotukanwa kwa mapenzi tulilala usingizi mzuri zaidi yao. Wakinijia na huzuni hizo nawasimulia habari za mama.

Mama alikuja kuishi nami alipozeeka, hapa hapa Ngokolo. Asubuhi moja nilikuwa namwosha miguu, mimi mwenyewe nikiwa bibi mwenye mvi za kweli, akaniinua kidevu akanitazama kwa muda. "Wewe mtoto ni mzuri," akasema. "Siku zote ulikuwa mzuri. Sasa naweza kusema, maana mimi ndiye ninayetangulia." Nimesifiwa na wengi tangu siku hiyo, na wote nawajibu asante. Yeye sikumjibu kitu. Nilirudi kwenye miguu yake, nikaendelea kuiosha hata ilipokuwa imeshatakata.