Kanyiva na Nyama ya Kutibiwa

Kanyiva, mke wa fundi wa reli, aliishi Makongeni, Nairobi. Kabla ya kuolewa alifanya kazi katika zahanati ya misheni kwao Kitui, na Kiingereza chake kidogo alikiokota huko. Sista alipotaka kidonda kifungwe bendeji alisema "dress". Kumponya mgonjwa kulikuwa "cure". Kanyiva aliyapenda maneno hayo mawili.

Mwaka wa sabini na nane alipata kibarua katika kiwanda kimoja cha soseji, Industrial Area, akayakuta yakitumika kila siku. Ila huku "dress" ilikuwa kuchuna ngozi na kutoa matumbo, na "cure" kutia nyama chumvi na dawa ili isiharibike. Alimwambia Selpher, mwenzake wa meza moja, kwamba hawa Waingereza wanamvika mtu bendeji na kumvua mnyama ngozi kwa neno lilelile. Walicheka sana.

Jumatatu moja walikuta chumba cha baridi kimezimika tangu Ijumaa. Mlango ulipofunguliwa uvundo uliwapiga usoni. Nyama ilikuwa ya kijani, ina utelezi, na chini ya mafuta funza walikuwa wakitambaa. Msimamizi wao, Mativo, alijiziba pua kwa kitambaa, akaamuru ioshwe kwa siki, kisha ifanyiwe "cure" kama kawaida.

Kanyiva aliishika. Ute ukavutika katikati ya vidole vyake kama kamasi. Usaha wa wagonjwa aliwahi kuuosha bila kukunja uso, lakini nyama hii aliiachia ianguke mezani.

"Hii imeoza, Bwana Mativo," alisema. "Unataka nitibu mzoga ili watoto wa watu waule?"

Mativo alimjibu, bila hata kumtazama, kwamba langoni kulikuwa na wengi waliotaka kazi hiyo. Kanyiva alivua aproni, akaiacha juu ya nyama, akatoka.

Wiki hiyo soseji zilifika madukani mtaani, nyekundu kwa ile dawa, za kupendeza, tena kwa bei ya chini. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaonya akina mama. Baadhi walimsikiliza. Wengine walisema ana kinyongo kwa kupoteza kazi, wakazikaanga, na watoto wao wakaharisha.

Selpher hakuweza kuacha kazi, kwa kuwa mumewe hakuwa na yake. Jioni alikuja kwa Kanyiva, akaosha mikono kwa sabuni na majivu, akainusa, akaosha tena. Ugali ulipoletwa, aliomba kijiko.