Supavaiza aliyetunyima choo anataka niwe somo wa binti yake

Admin, nifichie jina langu na la kiwanda, wakinijua tu kibarua kimeota nyasi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Likombe, hapa Mtwara. Watoto ninao, wengine bado wananitegemea, na mume wangu mguu mbovu tangu ajali ya bodaboda, shambani anajikongoja tu. Shule niliishia la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie.

Kazi yangu ni korosho. Wanawake tunakaa mabenchi marefu, kisu kidogo mkononi, tunamenya lile ganda jembamba jekundu mpaka korosho ibaki nyeupe. Mgongo unawaka, miguu inavimba, lakini zamani tulikuwa tunaimba, tunataniana, siku inakwenda. Tangu aje supavaiza huyu mpya hakuna kuimba wala kuongea. Maji ya kunywa kakataza, eti tunakunywa ili tupate sababu ya kutoka. Choo kakipiga kufuli, ufunguo anautia mfukoni. Ukibanwa unanyoosha mkono kama mtoto wa chekechea, na asipojisikia anakwambia, "Jibane mama, korosho haziendi chooni."

Sasa jamani, supavaiza huyo ni mwali wangu. Kwa msiojua mambo ya kwetu, msichana akichezwa unyago anapewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunda. Huyu somo wake nilikuwa mimi. Nilimwogesha, nikamlisha kwa mkono wangu, nikamfunda utu na heshima, mengine hayaandikwi. Mwali hamjibu somo wake vibaya mpaka anaingia kaburini. Hata aliporudi na cheti chake cha chuo, akinikuta njiani alikuwa anapiga goti. Ndiyo maana wenzangu walikuwa wananisukuma, "Nenda kaongee naye wewe, si mwanao?"

Siku yenyewe ikaja. Jirani yangu wa benchi, tumwite Mama Shakila, ana mimba kubwa, hata kuinama kwa shida. Akanyoosha mkono. Supavaiza akamuuliza, "Si umetoka asubuhi wewe?" Akanyoosha tena, akaambiwa amalize beseni lake kwanza. Akarudi kwenye beseni. Mara nikasikia kitu cha moto kinatiririka mguuni kwangu. Namgeukia, machozi yanamdondoka na kisu bado kakishika. Mwanamke mzima, mtu na heshima zake! Nikavua kanga yangu nikamzungushia. Supavaiza kaja, kaangalia sakafu, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Makubwa! Basi kesho mje na nepi." Wanaume wa kwenye mashine wakacheka.

Hapo nikasimama. Nikamwambia, "Mwanangu, ndivyo nilivyokufunda mimi hivi?"

Akanipandisha akanishusha. "Mama, hapa hakuna somo wala mwali. Hapa kuna supavaiza na kibarua. Mila ziacheni getini."

Bibi mmoja wa benchi la nyuma akadakia, "Na mimba nayo tuiache getini?" Watu wakaguna, wengine wakaficha vicheko kwenye kanga.

Kesho yake nikatolewa kwenye kumenya, nikapelekwa kwenye kubangua, kule kunakopasuliwa ganda gumu. Mafuta ya lile ganda yanaunguza kama moto. Nimeomba glavu nimeambiwa zimeisha, nipake majivu. Vidole vimebabuka, ugali wa moto siugusi, binti yangu ndiye ananimegea. Mama Shakila hajarudi kazini mpaka leo, anasema aibu ile hawezi kuivaa mara mbili.

Basi Jumapili nasikia hodi. Supavaiza huyohuyo, na mama yake mzazi, na kitenge kipya. Akapiga goti kwenye mkeka wangu! "Shikamoo mama." Binti yake anachezwa likizo hii, anataka mimi ndiye nimshike, niwe somo wake. "Nani mwingine, mama? Wewe ndiye uliyenitoa mimi."

Nikamwonyesha vidole. "Hii ndiyo mikono ya kumwogesha mwanao?"

Akaangalia chini. "Mama, kazi ni kazi. Na mimi nina wakubwa wangu, kilo zikipungua nafokewa kama mbwa. Ya kiwandani tusiyalete nyumbani." Yaani kule mila ni uchafu, huku anazifuata kwa magoti! Kitenge nilikiacha palepale alipokiweka, sijakigusa.

Habari imefika kwenye mabenchi. Wenzangu wamekuja juu, wanasema nikatae, mtaa mzima ujue kwamba somo wake kamkataa, aonje aibu aliyomvika mwenzetu. Mmoja kaniambia usoni, "Ukienda kumshikia mwanawe, usituite shoga zako." Mume wangu naye anasema nikubali, labda nitarudishwa kwenye kumenya nipone vidole. Wengine wananiambia nimpe sharti, afungue choo na amwombe radhi Mama Shakila mbele ya wote, ndipo niende. Lakini unyago wa mtoto tunaupangia bei kama samaki? Kwetu hilo ni mkosi. Na mtoto mwenyewe hana kosa. Ananiita bibi, juzi kaja kanikuta na vyombo vichafu, kaviosha bila kuambiwa, hajui hata kwa nini bibi yake hawezi kushika maji.

Nyie mabosi mnaosoma hapa, ushauri wenu siutaki, nendeni mkafungue vyoo. Nauliza wanawake wenzangu mliofundwa na mliofunda. Jibu wanalitaka Ijumaa. Nikikataa, nimemwadhibu mtoto kwa kosa la mama yake. Nikikubali, nitamwangalia vipi Mama Shakila machoni? Nishikeni mkono, nifanye lipi?