Jina la Renatha Ndani ya Mabano

Pale Kamachumu, kwenye maktaba ya jamii yenye chumba kimoja na nusu, Edvina, mkutubi wake, anajulikana kwa ukali wa kadi za orodha ya vitabu. Kitabu kipya hakigusi rafu kabla hajakilaza mezani, akakipima urefu kwa rula, akahesabu kurasa, akanakili jina la kitabu na la mwandishi herufi kwa herufi, kama yalivyochapwa ukurasa wa mbele. Mwambie, "Huyu mwandishi tunamfahamu, ni wa hapo Nshamba," atakujibu, "Wewe unamfahamu. Kitabu kimesema?" Watu humcheka, lakini ukitaka kitabu cha mnyauko wa migomba atakuletea kabla hujamaliza kusalimia.

Sasa, katika maktaba hiyo kuna kijitabu cha kurasa arobaini, *Kumpokea Mtoto*, kilichochapwa Bukoba mwaka 1974. Hakina jina la mwandishi. Mama mzazi wa Edvina, Renatha Kokwijuka, mkunga aliyezalisha nusu ya watu wa vilima vile, amesema siku zote kwamba alikiandika yeye. Wanawe walikuwa wakimtania: mtu aliyeishia darasa la nne, kitabu alikiandikia wapi, jikoni?

Miaka ishirini iliyopita Renatha alivaa kitenge chake cha misa, akaja maktaba, akaomba aonyeshwe jina lake lilipo kwenye kadi. Edvina akavuta droo ya herufi K, wakapekua kadi moja moja. Hakuwemo.

"Mama, jina lako halipo kwenye kitabu. Kanuni hainiruhusu."

"Kanuni ya nani?"

"Ya maktaba zote duniani."

"Haya, kama ni ya dunia nzima." Akarudi zake kibanjani, nyumbani kwake kwenye migomba, kumenya ndizi, na hakuulizia tena.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Mzee Avit wa Kibeta alileta boksi la vitabu alivyotaka viwe mahali salama. Ujanani alikuwa akipiga taipu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Bukoba. Chini kabisa ya boksi kulikuwa na daftari lililoliwa pembe na panya. Edvina akalifungua, akakutana na mwandiko uliokuwa ukimletea barua alipokuwa bweni: herufi zilizolala upande wa kushoto. Kulikuwa na mchoro wa mtoto anayetanguliza miguu, na juu ya kila ukurasa limeandikwa jina *Renatha Kokwijuka*.

"Hilo nililipiga taipu mimi mwenyewe," Avit akasema, akiangalia sakafu. "Bosi alisema kitabu cha uzazi kisicho na jina la daktari, bora kikose jina kabisa. Nikanyamaza, waitu, mwanangu. Nilikuwa nailinda kazi yangu."

Edvina alilia mbele ya mgeni, jambo ambalo si kawaida yake. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa yule bosi. Alijua, tena alijua siku zote, kwamba kanuni haikuwahi kumfunga mikono. Kanuni inasema kitabu kikinyamaza, mwenye kuorodhesha atafute kwingine. Akilipata jina, aliandike ndani ya mabano ya mraba, msomaji ajue halikutoka ukurasa wa mbele. Ameshawatilia mabano hayo waandishi wangapi! Amepiga simu kwa wachapaji, ameuliza maparokiani, kwa ajili ya watu asiowajua hata sura. Kwa mama yake hakuuliza hata mara moja, kwa sababu hakumwamini. Wahenga walisema kawia ufike, sawa, lakini Renatha ana miaka themanini na sita, na jicho lake moja limeshazibwa na mtoto wa jicho.

Aliiandika kadi siku hiyo hiyo, kwa herufi kubwa kuliko inavyotakiwa. Angeandika hivyo mtu mwingine, angemgombeza. Jumapili baada ya misa akaipeleka kibanjani.

Renatha aliisogeza kadi karibu na jicho zima. Kidole chake kikapita juu ya jina taratibu, kikarudi, kikapita tena.

"Na hivi viuzio pembeni?"

"Ni mabano, Mama. Maana yake kitabu chenyewe hakikusema, ilibidi mtu atafute."

"Kumbe kanuni inaruhusu."

Edvina angeweza kusema kanuni imebadilika. Nani angejua? Uongo ulishamfika mdomoni, akaumeza.

"Iliruhusu tangu zamani. Si kanuni iliyokukataa, Mama. Ni mimi. Sikukuamini."

Renatha hakuinua macho.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile, kabla sijafika nyumbani, nilishajua. Lakini ningekulaumu wewe, ungeona aibu kuja, nami ningekula peke yangu kila Jumapili. Nikaona heri niilaumu kanuni. Kanuni haina mama."