Fundi Sila na Banda la Mitumbwi la Hombolo

Fundi Sila hakuwa mtu wa kukaa. Kanisani alichagua kiti cha karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka kidogo utamkuta nje, anaigongagonga nguzo ya baraza kusikia kama mchwa wameingia. Hata chakula alikila kama mtu anayengojewa. Kwa miaka mingi mkewe, Paulina, aliamini kwamba ni kazi iliyomfanya hivyo. Jiji la Dodoma lilikuwa linajengwa bila kupumzika, na seremala anayejua kupaua hakosi pa kwenda: leo Ihumwa, kesho Kizota, keshokutwa mwenyewe hajui. Alirudi nyumbani Hombolo Jumamosi moja, akaziruka mbili. Anitha, mtoto wao wa pekee, alianza kutembea baba yake akiwa juu ya paa la ghala la watu, na akahitimu uuguzi baba yake akiwa juu ya paa la ghala jingine.

Basi wavuvi wa bwawa la Hombolo walipomwita awajengee banda la mitumbwi, Paulina alifurahi kuliko wavuvi wenyewe. Mitumbwi yao ilikuwa inashinda juani. Kiangazi mbao zilikauka zikaachana, na kila ikirudishwa majini ilikuwa kazi ya kukomba maji badala ya kuvua. Walitaka banda pana ukingoni, lenye paa la bati na milango miwili mikubwa inayotazama bwawa. Kutoka nyumbani kwa Sila hadi hapo, mtu hamalizi karanga za kiganja kimoja.

“Sasa tutakula pamoja,” Paulina alisema.

Hawakula pamoja. Sila aliondoka alfajiri, na mchana chakula kikamfuata kikiwa kimefunikwa. Jioni akija, alikaa kizingitini akitazama bwawani, akasema kuna nguzo moja haimpi amani, akainuka tena. Hakuna mvuvi aliyemharakisha. Ni yeye tu, moyo wake ulikuwa kama umeachwa juu ya moto.

“Ulipokuwa Kizota nilisema ni umbali,” Paulina alimwambia siku moja alipompelekea ugali na mlenda. “Sasa nakuona nikiwa shambani kwenye mizabibu. Nyundo yako naisikia. Umbali uko wapi tena, Baba Anitha?”

“Nikishaezeka,” Sila alisema, “utaniona mpaka unichoke.”

Wakati huo Anitha alikuwa amepata mchumba, mwalimu anayeitwa Charles, mtu wa Kibakwe. Wazee wa Charles walileta habari kwamba wangefika Jumamosi kujitambulisha. Paulina alimwomba mumewe jambo moja tu: asubuhi hiyo awe nyumbani, ameoga, amevaa. Akaahidi.

Jumamosi ikaja na upepo. Upande mmoja wa paa mabati yalikuwa hayajapigiliwa yote, na Sila akiwa uani aliyasikia yakipiga makofi. Mkewe alikuwa jikoni na dada zake, kuku wameshachinjwa. “Napigilia machache, narudi,” alisema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Angeweza kuweka magogo juu ya yale mabati akashuka. Alilijua hilo. Lakini msumari mmoja ulimwita wa pili, na kule juu, maji upande huu na vijiji upande ule, kifua chake kilikuwa kinashuka na kupanda taratibu kwa namna ambayo hakikuweza akiwa chini. Akasahau saa.

“Mbukwenyi!”

Alitazama chini. Wazee watatu waliovaa makoti walikuwa wamesimama kwenye mchanga, na mama mmoja mwenye kitenge kipya, na nyuma yao kijana mrefu akitazama viatu vyake. Aliyesalimia alikuwa Mzee Lameck, baba mkubwa wa Charles.

“Mbukwa,” Sila aliitikia kwa Kigogo, nyundo mkononi. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Tumekaa pale nyumbani, tukaambiwa mwenyewe yuko huku, tukaona tumfuate. Utashuka, au tuseme tulilojia ukiwa huko huko?”

Wawili walicheka. Mama yake Charles hakucheka. Aligeuka akatazama maji. Sila alishuka, shati limemganda mgongoni, suruali imechanika gotini. Mzee Lameck alimpa mkono kwa heshima zote. “Leo tutakula, tutafurahi,” alisema. “Ila haya ya watoto tutayasema tukirudi wiki ijayo, tukijaliwa. Hayataki mtu aliyeshika nyundo.”

Paulina aliwahudumia wageni akitabasamu mpaka walipoondoka. Baada ya hapo alikusanya vyombo, akaviosha. Aliyesema ni Anitha.

“Siku ya mahafali sikulia, baba. Nilijua uko mbali. Leo nilikuwa nakuona kutoka hapa uani. Nikamwambia Charles, yule pale juu ndiye baba. Nikajifanya nacheka.”

Sila alibaki ameinamia mikono yake. Alitamani amkemee mtu, lakini hapakuwa na wa kukemewa ila yeye.

Ilikuwa imebaki kazi ya kufunga milango, na wavuvi walishapanga kuingiza mitumbwi Jumapili ya wiki iliyofuata. Milango yenyewe ilichelewa kutoka karakana ya Kizota, ikafika Ijumaa jioni. Sila alimpigia simu Geofrey, fundi mwenzake wa siku nyingi, aje aifunge kesho yake.

“Milango?” Geofrey alishangaa. “Unaniachia mimi milango yako?”

“Nina wageni,” Sila alisema.

Jumamosi aliketi sebuleni, ndani ya suti iliyombana mabega, wazee wa Kibakwe mbele yake. Mzee Lameck alianza mbali, na babu zake, na mifugo yao, na njaa zilizowahamisha. Kupitia dirishani nyundo ya Geofrey ikaanza. Sila alijua kwa mlio tu kwamba bawaba ya juu inapigiliwa bila kutoboa mbao kwanza, na mbao ile ngumu ingepasuka. Goti likaanza kutikisika. Akalishika kwa mkono. Likatikisika na mkono.

Akasimama. Mzee Lameck akanyamaza katikati ya neno. Paulina alikuwa mlangoni, na uso wake ulikuwa umeshakata tamaa.

“Nawanawisha,” Sila alisema. Akachukua jagi na beseni mikononi mwa shemeji yake, akaanza kuwamiminia wageni maji, mmoja mmoja. Wazee walitazamana, kwani si kazi ya baba wa binti, kisha wakanyoosha mikono. Alipofika kwa Charles aliinua jagi kidogo, akasita.

“Mwanangu, wewe jioni unakuwa wapi?”

“Nyumbani, baba. Nikitoka shuleni niko nyumbani.”

“Haya,” Sila alisema, akamimina. Akarudi kitini akakaa.

Waliongea mpaka jua likaegemea. Walipatana, wakaomba, wakapiga vigelegele. Hapo ndipo Sila alipogundua kwamba nyundo ilishanyamaza, na hakujua ilinyamaza saa ngapi.

Wageni walipoondoka, Paulina alifunga kilemba akaenda na mumewe kuangalia milango. Bawaba ya juu ilikuwa imeipasua mbao, si sana. Mlango mmoja uliburuza chini. Sila aliusukuma, akauvuta, vidole vinamwasha.

“Unafunguka?” Paulina aliuliza.

“Unafunguka. Ila unaburuza.”

“Basi uburuze mpaka Jumatatu. Twende, Anitha anarudi kazini kesho.”

Wakarudi nyumbani, Sila akigeuka nyuma mara kwa mara. Kesho yake baada ya ibada mitumbwi iliingizwa bandani, na Jumatatu akauchonga mlango kwa randa.

Mwezi uliofuata alipata paa la kujenga Ihumwa, akaenda. Siku za Jumamosi hurudi nyumbani, ingawa si zote. Paulina akiulizwa kama mumewe ametulia, husema hajatulia, ila siku hizi akitaka kuinuka huaga kwanza, na mara nyingine, akishaaga, hukaa tena.